Nyundo peke yake haitoshi, miguu nayo ina haki yake

KUNA desturi iliyoota mizizi mitaani mwetu tangu mwaka wa 2020, pale kafyu ya korona ilipotufungia majumbani. Wengi wetu tuliamua kujifanyia mazoezi wenyewe. Mimi binafsi nilikwenda Gikomba, nikanunua nyundo kubwa ya kuvunjia mawe yenye uzani wa kilo tano, nikaomba tairi kuukuu la lori kwa fundi mmoja, na kila jioni nikawa nalitwanga nyuma ya jengo letu kama mtu anayelidai deni. Haikupita miezi mingi mabega yakatanuka na mashati yakaanza kunibana. Nakiri kwamba nilijiona dume.

Kiburi hicho kiliniishia ngazini. Mama yangu mzazi, ambaye magoti humsumbua, alikuja kunitembelea siku ambayo umeme ulikuwa umepotea na lifti haifanyi kazi. Nikambeba mgongoni kuelekea orofa ya tano. Tulipofika ya pili, mapaja yalinitetemeka kama ya ndama aliyezaliwa asubuhi hiyo, ikanibidi nimketishe ngazini. Aliyemfikisha juu ni kijana mchuuzi wa maji, mwembamba kama ufito, ambaye kazi yake ya kila siku ni kupandisha mitungi ya lita 20. "Mzee, niachie mimi," aliniambia kwa heshima. Mama alicheka. Mimi sikucheka.

Kosa langu ndilo kosa la wanaume wengi: tunafanyia mazoezi kile kinachoonekana kwenye kioo. Ilhali misuli mikubwa zaidi mwilini ni ya makalio na mapaja. Misuli ifanyapo kazi hufyonza sukari iliyo damuni, kwa hivyo anayeisahau miguu ameacha sehemu kubwa ya faida hiyo. Aidha, misuli hupungua kadiri umri unavyosonga, na mzee aliyeishiwa na nguvu mapajani hawezi kuinuka kitini bila kushikwa mkono. Mwaka huo huo wa 2020, Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watu wazima wafanye mazoezi ya kutia misuli nguvu angalau siku mbili kwa wiki, na kwamba yahusishe makundi yote makuu ya misuli. Halikusema mabega pekee.

Wapo watakaodai kwamba wanatembea sana, na hilo latosha. Kutembea ni kuzuri mno kwa moyo, lakini hakumlazimishi mtu kuinua uzito kutoka chini, na hapo ndipo mimi niliposhindwa.

Nyundo yenyewe haina lawama. Mtazame mvunja mawe stadi: hukanyaga kwa upana, hulegeza magoti, na pigo lake huanzia nyayoni, likapita nyongani kabla ya kufika mikononi. Anayepiga kwa mikono mitupu, miguu ikiwa imekakamaa kama vigingi, huutwika mgongo mzigo wote.

Siku hizi, kabla ya pigo la kwanza, huikumbatia nyundo kifuani, kichwa chake kikiwa juu, nikachutama mara 10 nyayo zikiwa zimekanyaga chini barabara. Kisha hupiga hatua ndefu mbele na kushusha goti la nyuma karibu liguse sakafu, mguu kwa mguu. Halafu huishika nyundo mbele ya mapaja, nikainama kutoka nyongani mgongo ukiwa umenyooka, nikainuka. Hurudia mzunguko huo mara tatu, siku mbili kwa wiki zisizofuatana, na jioni nyingine hupandisha mtungi wa maji nyumbani, nikibadilisha mikono. Mwenye magoti mabovu aanze kwa kuketi kitini na kuinuka, bila nyundo. Mwenye shinikizo la damu asizuie pumzi anapoinua, na amwone daktari kwanza. (Na tafadhali, tairi lisipigwe alfajiri, majirani zangu wameshanipeleka kwa mwenye nyumba mara moja.)

Mama anatarajiwa tena mwezi ujao. Kijana wa maji ameniuliza kama aje kungoja mlangoni. Nimemwambia aje, ila asimame orofa ya tatu.