Bwawa la Nyumbani Katika Miezi ya Baridi



Dada zangu na wazazi wenzangu, sisi tuliozaliwa Mombasa hatukulelewa na mabwawa ya kuogelea. Tulijifunza kuogelea baharini, maji yakijaa na kutoka kwa amri ya Mola, wala hakuna aliyewahi kuuliza bahari hufungwa lini. Kwa hiyo familia yetu ilipohamia Nairobi kwa sababu za kazi na kupanga nyumba Westlands yenye bwawa uani, tulilipokea kama neema kubwa. Hapo mabinti zetu wangeweza kuogelea kwa stara, ndani ya ukuta wa nyumba yao, mbali na macho ya wapitao. Tusilolijua ni kwamba neema hiyo ina miezi yake ya kulala, na kwamba katika miezi hiyo ndipo yafaa iangaliwe zaidi.

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti, wakati kwetu pwani ni kipupwe na kusi linavuma, huku mawingu huweza kufunika mbingu kutwa nzima, manyunyu huja na kuondoka, na usiku joto hushuka hata kukaribia nyuzi 10 za Selsiasi. Maji ya bwawa hayapati jua la kuyapasha. Mtoto akitia mguu mara moja hautii tena mpaka Septemba. Hapo ndipo mwenye nyumba hujiuliza: nilifanyeje bwawa hili kwa miezi mitatu?

Sisi tulilijibu swali hilo vibaya, nami nitalieleza kosa letu ili lisirudiwe katika nyumba nyingine.

Mpwa wangu anaishi Toronto, nchini Kanada, na nyumbani kwake pia kuna bwawa. Alituambia kwamba kila mwaka, kabla ya theluji kuanguka, hupunguza maji ya bwawa, huyapuliza mabomba kwa mashine ya upepo mpaka yakauke, huziba kila tundu, kisha hulifunika bwawa lote. Sababu yake ni ya kweli: maji yakiganda hutanuka kwa kiasi cha asilimia 9, na barafu hiyo hupasua mabomba na vigae. Yeye alieleza vizuri, sisi ndio tuliosikia vibaya. Aliposema wapunguza maji, sisi tuliyamaliza. Wala hatukujiuliza ni lini bwawa lilipata kuganda Westlands.

Tukalimwaga bwawa lote katikati ya Juni. Pampu ilifanya kazi siku mbili, maji yakaenda zake mtaroni, nasi tukastarehe tukidhani kwamba pasipo maji hapana hatari. Baada ya majuma matatu, manyunyu na majani ya miti yalikuwa yamefanya dimbwi la kijani upande wa kina kirefu, maji yakifika magotini mwa mtu mzima. Siku moja baada ya adhuhuri, mtoto wa jirani yetu, wa miaka mitano, aliyezoea kuja kucheza na kitinda mimba wetu, aliufuata mpira wake kwa kushuka ngazi za upande wa kina kifupi. Sakafu ilikuwa na utelezi, na ule mteremko ukampeleka mpaka dimbwini. Maji yalimfika kiunoni, na kuta laini zilimzidi kimo. Hakuweza kupanda.

Sote tulikuwa ndani, na madirisha tumeyafunga kwa ajili ya baridi. Binti anayetusaidia kazi za nyumbani ndiye aliyetoka kuanua nguo manyunyu yalipoanza, akasikia kilio. Alhamdulillah, mtoto alitolewa akiwa na mchubuko wa kidevu na kutetemeka tu. Lakini kila nikiikumbuka kamba ile ya nguo, najua kwamba lau mbingu ingekuwa kavu siku ile, pengine leo ningeandika habari nyingine.

Nilimchukua mtoto nikampeleka kwa mamake, nikamweleza yote bila ya kuficha. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: “Dada, kwani si mlisema bwawa mmelifunga?” Sikuwa na jawabu. Tulikuwa tumelimwaga na kulisahau, na hilo ndilo tuliloliita kulifunga.

Baada ya siku ile nilijifunza kutoka kwa mafundi na kwa kusoma. Jambo la kwanza nililolijua ni kwamba katika mji wetu huu bwawa halifai kumwagwa kwa ajili ya baridi. Bwawa la urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha wastani wa mita 1.5 hubeba lita 48,000, yaani uzito wa tani 48. Uzito huo ndio unaolituliza bwawa mahali pake. Mwezi wa Juni ardhi imetoka kunywa mvua ya masika, na maji yaliyo chini ya ardhi husukuma kuta na sakafu kutoka nje. Bwawa tupu halina cha kuusukuma nguvu huo urudi. Huweza kupasuka, na mahali penye maji mengi ardhini huweza hata kuinuka. Vigae navyo, vilivyozoea kukaa majini, hulegea vikikauka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Nasi tulikuwa tukiutengeneza ufa wenyewe.

Tena kuna suala la israfu. Lita 48,000 ni mitungi 2,400 ya lita 20. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka katika bwawa la Ndakaini, Murang'a, na hata hivyo mji hugawiwa maji kwa zamu, na wako akina mama wanaonunua mtungi mmoja mmoja. Dini yetu imetukataza israfu ya maji hata katika udhu. Sijui tungejitetea vipi kwa mitungi 2,400 iliyokwenda mtaroni kwa sababu ya uvivu wa kuitunza.

Basi nawaelezea namna tunavyolifunga bwawa sasa. Kazi yote ni ya siku mbili tatu, na familia huweza kuifanya yenyewe.

Kwanza, safisheni. Opoeni majani kwa wavu, sugueni kuta na ngazi kwa brashi, na ondoeni taka katika kikapu cha pampu. Kisha osheni mchanga wa kichujio kwa kuyarudisha maji kinyume mpaka yatoke meupe. Taka inayoachwa ndani ndiyo chakula cha mimea midogo ya kijani.

Pili, pimeni maji. Vifaa vya kupimia huuzwa kwenye maduka ya dawa za mabwawa. Kipimo cha pH kiwe kati ya 7.2 na 7.6. Kikipanda sana, klorini hupoteza nguvu. Kikishuka sana, maji hula vigae na vyuma.

Tatu, tieni kipimo kikubwa cha klorini mara moja, baada ya magharibi, kwa sababu jua huiharibu klorini. Kwa bwawa la lita 48,000, kiasi cha gramu 750 za klorini ya chembechembe yenye nguvu ya asilimia 65 hupandisha klorini kwa miligramu 10 katika kila lita. Someni kwanza maandishi ya kopo, kwani nguvu za dawa hutofautiana. Acheni pampu izungushe maji usiku kucha, na pasiwe na mtu wa kuogelea mpaka vipimo virejee katika hali ya kawaida.

Nne, msiizime pampu kwa miezi yote mitatu. Wakati wa baridi mimea ya kijani hukua polepole, kwa hiyo saa 3 au 4 kwa siku hutosha, na bili ya umeme hupungua. Pimeni maji mara moja kwa wiki, klorini ikae kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita. Kina cha maji kibaki katikati ya ule mdomo wa ukutani unaofyonza taka za juu. Mvua ikizidisha, punguzeni ziada tu. Maji yanayotembea na yenye dawa hayalei mbu. Maji yaliyosimama yanahitaji wiki moja au mbili tu kuyageuza mayai ya mbu kuwa mbu warukao, na sisi watu wa pwani hatuhitaji kukumbushwa homa zao.

Tano, klorini ikishashuka, funikeni bwawa kwa kifuniko kilichokazwa pande zote na kufungwa kwenye vyuma vilivyotiwa sakafuni. Hapa naomba msikilizwe kwa makini, enyi akina baba mnaopenda kazi ya haraka. Turubai lililotandazwa tu na kuwekewa mawe pembeni ni mtego. Mtoto hulidhani ni sakafu, hulikanyaga, nalo humzunguka na kuzama naye bila ya mtu kumwona. Heri bwawa lililo wazi na linaloonekana kuliko turubai la namna hiyo. Na maji ya mvua yakikusanyika juu ya kifuniko kizuri, yaondoeni siku hiyo hiyo.

Juu ya dawa zenyewe pana neno. Klorini isichanganywe kamwe na asidi ya kushushia pH, wala na klorini ya aina nyingine, hata kwa kutumia ndoo moja bila ya kuiosha. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu, na baadhi yake hulipuka. Mnapoiyeyusha, tangulizeni maji katika ndoo kisha mtie dawa, wala msimimine maji juu ya dawa. Vaeni glavu, simameni mahali penye hewa, na mwenye pumu asiishike kazi hii. Makopo yawekwe pakavu, chini ya kufuli, mbali na jikoni.

Yote haya ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni ua. Bwawa lizungukwe na ua wa kimo cha mita 1.2 au zaidi, usio na mbao za kulala ambazo mtoto hupandia, wenye lango linalojifunga lenyewe na kitasa cha juu. Viti na vyungu vya maua visikae karibu nao. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na takriban robo yao walikuwa watoto wasiofika miaka 5. Wengi wetu tunadhani anayezama hupiga kelele. Mara nyingi mtoto huzama kimya, kwa dakika chache, mama akiwa hatua kumi kutoka pale alipo. Msalaba Mwekundu wa Kenya hufundisha huduma ya kwanza. Kila nyumba yenye bwawa na iwe na mtu mzima mmoja, au wawili, waliojifunza namna ya kumpulizia pumzi aliyetolewa majini.

Nimejiuliza kwa nini miezi ya baridi hututia mashakani zaidi kuliko Januari. Januari watoto wamo majini na macho yetu yako juu yao. Julai tumefunga milango, tumejifunika shali, chai iko mezani, na bwawa limetoka katika fikira zetu. Mtoto hajui kwamba msimu umekwisha. Kwake yeye maji ni yale yale, na mpira ukiingia utafuatwa.

Wengine watasema ua ni gharama, na nyumba ni ya kupanga. Sisi pia tulisema hivyo. Lakini jirani ana haki juu yetu, na ya kwanza katika haki hizo ni kwamba mtoto wake akiingia nyumbani kwetu atarudi kwao salama. Zungumzeni na mwenye nyumba, mwonyesheni kwamba bwawa lililopasuka litamgharimu zaidi, na mkubaliane nani atalipa nini. Akikataa, ua wa wavu wenye nguzo si wa bei isiyowezekana kwa familia iliyoweza kupanga nyumba yenye bwawa.

Mwaka huu tulilifunga bwawa letu wiki ya kwanza ya Juni. Ufunguo wa lango ninao mimi, nao unaning'inia pamoja na ufunguo wa kabati la dawa. Kila Ijumaa asubuhi, kabla baba watoto hajajitayarisha kwa sala, yeye na binti yetu mkubwa hupima maji na kuandika vipimo daftarini. Mtoto wa jirani bado anakuja kucheza. Wiki iliyopita mpira wake uliruka ua ukatua juu ya kifuniko. Alisimama langoni, akashika vyuma kwa mikono miwili, akaniita nikamtolee.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu na watoto wa majirani zetu, na atujaalie tuwe waangalifu wa neema alizotupa, zinapotumika na zinapopumzika. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullah.