KONA YA KOMPYUTA: Simu inaingia, kompyuta inakataa

Mwezi uliopita tuliongea juu ya betri za laptopu na namna ya kuzitunza. Mwezi huu ninajibu swali ambalo familia zaidi ya moja zimeliweka katika sanduku letu: "Kompyuta yetu tunaiunga na mtandao usio na waya, ule vijana wanaouita waifai, nayo inakataa. Simu inaingia vizuri. Tufanye nini?"

Swali hili limekuja kwa wakati wake. Siku hizi watoto wetu wengine wanakaa mjini kwa ajili ya shule au kazi, na nyumbani kuna modemu ndogo ya kampuni ya simu. Tena ndugu waliokwenda Marekani, Kanada na Australia wanatutumia kompyuta za mitumba. Ni jambo jema, tunawashukuru. Lakini kompyuta iliyotoka mbali huja na tabia za kwao, kama mgeni.

Nitaanza na kisa kilichonipata mimi mwenyewe.

KISA CHA ZONE INDUSTRIELLE

Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, ni mlinzi wa ghala kule Zone Industrielle, Bujumbura. Amepewa vyumba viwili nyuma ya ghala, anaishi humo na shemeji na watoto. Ukisimama mlangoni kwake unaona malori, makontena na kuta za mabati. Barabara ya kwenda Gatumba na Uvira haiko mbali, kwa hiyo kila siku anayaona magari yakielekea nyumbani kwetu, na yeye amebaki pale na tochi yake.

Binti yake wa kwanza amemaliza sekondari, anatafuta ufadhili wa kusoma chuo kikuu. Fomu ilikuwa ya kujaza kwenye intaneti, mwisho wake Ijumaa saa sita ya usiku. Mimi nilifika Alhamisi jioni na karatasi yangu ya ruhusa mfukoni, nikamkuta binti analia. Simu ya baba yake inaingia kwenye intaneti bila shida. Kompyuta, ambayo shangazi yake aliituma kutoka Marekani, inakataa. Na ile fomu inataka uambatanishe vyeti. Kwenye simu ndogo ya baba ilikuwa inakwama kila mara.

Walikuwa wameshamwita fundi. Fundi aliangalia dakika tano, akasema "kadi ya mtandao imekufa." Akataka franka 60,000, tena aondoke na kompyuta akaiformati. Hapo shemeji akakataa katakata. Ndani ya mashini ile mna picha za vyeti vya binti, mna picha za marehemu babu yetu, na karatasi za familia walizozipiga picha kabla mvua haijaziharibu. Shemeji hajui kompyuta, lakini alijua kwamba kitu kikifutwa kimefutwa. Mimi nasema siku ile yeye alikuwa fundi kuliko fundi.

Nikamwuliza binti, "Mwanangu, kompyuta inaliona jina la mtandao wenu?"

"Inaliona, baba mdogo. Na ya majirani pia, kama sita hivi."

Basi kadi haijafa. Kadi iliyokufa haioni hata jina moja. Nikamwambia, "Fungua ukurasa mtupu, pale kwenye Notepad, uandike lile neno la siri nikiona." Neno lao wakati ule lilikuwa Amani2012 (wamekwisha kulibadilisha, msijisumbue!). Akaandika polepole, kidole kimoja kimoja. Kwenye kioo ikatoka hivi:

Q,qniéà&é

Tukaangaliana. Halafu binti akaanza kucheka, na machozi bado yako mashavuni.

Mmeelewa? Kompyuta ilitoka Marekani, vitufe vyake vimechorwa kwa mpangilio wa Kiingereza. Lakini mtu fulani, pengine kijana aliyekuwa anaandika barua ya shule, alikuwa ameibadilisha ndani ikawa ya Kifaransa, kama zile za shule zetu. Kwa hiyo unabonyeza A, inaandika Q. Unabonyeza M, inaandika mkato. Namba za juu zinageuka kuwa alama. Na kwa kuwa neno la siri linaonekana kama vidoti tu, hakuna anayeona kosa. Simu ya baba ilikuwa inaingia kwa sababu yenyewe ililishika neno lile tangu zamani, hailiulizi tena.

Tulibonyeza kitufe cha Windows pamoja na kile kirefu cha kuachia nafasi, pembeni chini FRA ikageuka ENG. Tukaandika upya. Ikaingia!

Lakini tulipofungua ukurasa wa fomu, kompyuta ikaonya kwamba ukurasa si salama, ikagoma kuufungua. Nikaangalia saa yake: ilikuwa inasema tuko Januari 2009. Tukarekebisha tarehe na saa, ukurasa ukafunguka. Usiku ule umeme ukakatika, tukalala. Ijumaa ulirudi mchana, na saa tisa fomu ilikuwa imekwenda, vyeti vyote ndani. Majibu bado tunayangoja. Lakini angalau jina lake liko kwenye orodha ya walioomba. Hatukutoa hata franka moja, na picha za babu zipo.

HATUA KWA HATUA

Sasa ninyi nyumbani, msianze kubonyeza kila kitu. Fuateni mpangilio huu.

1. Anza na simu. Ikiwa nayo haipati intaneti kupitia modemu, usiilaumu kompyuta. Angalia kama modemu ina umeme na kama mega hazijaisha. Zima modemu, hesabu mpaka 30, washa, ngoja dakika tatu. Baada ya umeme kukatika na kurudi, hili peke yake huponya mara nyingi.

2. Angalia orodha ya majina. Kama kompyuta haioni jina lolote, tafuta alama ya ndege. Alama hiyo ikiwaka, maana yake kompyuta imefunga mawasiliano yote kama mtu aliyepanda ndege. Laptopu nyingine za zamani zina swichi ndogo ubavuni au mbele. Mtoto anaweza kuisukuma bila kujua.

3. Majina ya majirani yapo, lako halipo, lakini simu inaliona. Hapa kuna sababu mbili kubwa. Ya kwanza: modemu za siku hizi hurusha kwa gigahezi 2.4 na kwa gigahezi 5, na laptopu nyingi za zamani zinasikia 2.4 tu. Ya pili: kompyuta nyingi zilizotengenezewa soko la Marekani hazisikii chaneli ya 12 na ya 13, na modemu zilizopangwa kwa Ulaya zinaweza kutumia chaneli hizo. Ingia kwenye mipango ya modemu (anwani yake huandikwa chini yake au nyuma), washa gigahezi 2.4, chagua chaneli 1, 6 au 11.

4. Neno la siri linakataliwa. Fanya kama tulivyofanya: liandike kwanza kwenye ukurasa mtupu ulione kwa macho. Kumbuka herufi kubwa na ndogo si sawa. Kama kuna alama ya jicho pembeni ya vidoti, ibonyeze.

5. Ilikuwa inaingia jana, leo inakataa. Pengine mtu alibadilisha neno la siri na kompyuta bado imeshika la zamani. Bonyeza jina la mtandao, chagua Oublier kama kompyuta yako ni ya Kifaransa, au Forget kama ni ya Kiingereza. Halafu ungana upya kama mara ya kwanza.

6. Imeungana, lakini intaneti hakuna. Modemu hukipa kila kifaa namba yake. Angalia namba ya kompyuta yako kwenye maelezo ya mtandao. Ikianza na 169.254, maana yake iliomba namba, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Zima na uwashe vyote viwili. Hesabu pia simu za wageni: modemu ndogo za mkononi zina kikomo, nyingi haziruhusu zaidi ya vifaa 10 kwa pamoja.

7. Kurasa zinasema si salama. Angalia tarehe. Kurasa za intaneti zina vyeti vyenye siku ya kuanza na siku ya kwisha, na kompyuta inayodhani tuko 2009 inaona vyeti vyote ni vya uongo. Kama tarehe inarudi nyuma kila ukizima, betri ndogo ya ndani, ya mviringo kama sarafu, imechoka. Kuibadilisha si kazi kubwa. Lakini kama tarehe ni sawa na onyo bado linatoka, usilazimishe kuingia, hasa pale panapoombwa fedha au karatasi zako.

8. Mtandao unakuja na kupotea. Angalia mahali. Mawimbi haya hayapiti bati wala chuma. Yanagonga na kurudi. Kwa kaka yangu modemu ilikuwa juu ya kabati la chuma, nyuma ya ukuta wa bati. Tuliihamishia kwenye rafu ya mbao karibu na dirisha, na kompyuta ikasikia vizuri mpaka chumba cha pili. Na sisi tunaoishi chini ya mabati tulishike hilo.

Neno kwa wenye mashini za zamani sana: Windows XP isiyopata nyongeza ya tatu, iliyotoka 2008, inaweza kushindwa kuelewa ufunguo wa WPA2 ambao modemu nyingi hutumia. Tena Microsoft iliacha kuitunza XP tangu Aprili 2014. Itumieni kwa kuandika na kujifunza, si kwa mambo ya siri.

KABLA YA KUMPA FUNDI

Mafundi wengi ni watu waaminifu, wanalisha watoto wao. Lakini mwulize kwanza: "Unajuaje kama kadi imekufa? Je, haioni hata jina moja?" Akishindwa kujibu, ngoja. Na hata kama kadi imekufa kweli, kuformati hakumfufui maiti. Unaweza kununua kipokezi kidogo cha waifai cha kuchomeka pembeni kama flashi, na vitu vyako vyote vikabaki mahali pake.

Kama ni lazima kompyuta iondoke nyumbani, nakili kwanza picha na karatasi zenu kwenye flashi mbili. Moja iweke wewe, nyingine mpe ndugu unayemwamini. Sisi tunajua maana ya kuondoka nyumbani bila kuchukua karatasi. Tusirudie kosa hilo ndani ya kompyuta.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaongea juu ya virusi vinavyoingia kupitia flashi. Mwenye swali aliandike kwenye karatasi, alitie katika sanduku letu. Asione haya: kuuliza si ujinga.

Tukutane tena hapa hapa. Amani kwa familia zenu.