Mraibu Mwenye Maradhi ya Akili Atibiwe Yote kwa Pamoja

Wako wazazi katika miji yetu ya pwani ambao miaka inawaishia njiani kati ya milango miwili. Mtoto wao anatumia unga, yaani heroini, na mtoto huyo huyo anasikia sauti za watu wasiokuwepo, au anashinda kitandani wiki nzima hataki kula wala kuoga. Wakimpeleka nyumba ya upataji nafuu, ile tunayoiita soba hausi, wanaambiwa huyu amechanganyikiwa, apelekwe kwanza hospitali ya akili. Wakimpeleka hospitali ya akili, wanaambiwa huyu ni teja, aache kwanza unga ndipo ijulikane ana nini. Kila mlango unamwelekeza kwenye wa pili, na mgonjwa anaishia kurudi maskani.

Neno langu leo ni moja: mtu mwenye uraibu pamoja na maradhi ya akili ana haki ya kutibiwa yote mawili kwa wakati mmoja, na wahudumu wanaojuana, kwa faili moja.

Tuanze na chanzo. Maradhi haya hufuatana kwa njia nyingi. Wapo walioanza na ugonjwa wa akili. Kijana mwenye wasiwasi usiompa usingizi, au binti aliyedhulumiwa mwili wake utotoni na hajawahi kumwambia mtu, anapopewa kokteli, yaani bangi iliyochanganywa na unga, anapata utulivu ambao hakuwahi kuujua. Kesho yake ataitafuta tena. Wapo walioanza na kilevi. Bangi kali inayovutwa kila siku tangu ujanani humzidishia mtu hatari ya kuona na kusikia visivyokuwepo. Mirungi mingi ikiambatana na kukesha inaweza kumfikisha huko huko, na pombe ya miaka mingi humtumbukiza mnywaji katika sonona. Wapo pia ambao yote mawili yametoka katika shina moja: mateso ya nyumbani, misiba ya mfululizo, ufukara, au maradhi ya ukoo.

Kwa kumtazama mgonjwa siku ya kwanza, hata daktari bingwa hawezi kusema kwa hakika lipi lilitangulia. Mara nyingi humlazimu amwangalie kwa wiki kadhaa akiwa hatumii kitu. Basi ikiwa bingwa anahitaji wiki kadhaa, mhudumu wa mapokezi anapata wapi elimu ya kuamua kwa dakika tano kwamba huyu si wetu?

Kuamua kwa pupa kuna hatari yake. Mnywaji wa gongo wa miaka mingi akikatishwa pombe ghafla, siku ya pili au ya tatu anaweza kutetemeka mwili mzima, kuanguka kama mwenye kifafa, kuona wadudu ukutani na kuzungumza na watu wasioonekana. Jirani atasema amepandwa na jini. Mwingine atasema wazimu wa ukoo umemfikia. Kumbe ni mwili unaodai pombe, na hali hiyo huua. Tiba yake inajulikana: afikishwe hospitali, apewe dawa za kutuliza kama diazepamu chini ya uangalizi, na vitamini B1. Kumfungia chumbani mpaka atulie mwenyewe ni kuichezea roho yake.

Hatari nyingine huzuka wahudumu wasipojuana. Tutazame asubuhi dirisha la kliniki ya methadoni, dawa anayopewa mraibu badala ya unga. Mgonjwa anajitambulisha, muuguzi anahakiki jina na kiasi chake, anampimia dawa ya maji kwenye kikombe kidogo. Mgonjwa anakunywa papo hapo mbele ya macho ya muuguzi, kisha anasema maneno mawili matatu ili ijulikane amemeza. Ndivyo ilivyo kila siku. Dozi ile ikikaa sawa inazuia arosto, yaani maumivu ya kuukosa unga, kwa saa 24, na mtu anapata nafasi ya kwenda kibaruani badala ya kuhangaikia kete. Ni tiba nzuri, nasi Watanzania tulikuwa miongoni mwa waliotangulia katika Afrika kusini mwa Sahara, kliniki ya Muhimbili ilipofunguliwa mwaka 2011.

Lakini mchukueni mgonjwa huyo huyo, mumpeleke kliniki ya akili ambako daktari hana habari ya dirisha lile. Anaandikiwa kabamazepini, dawa ya kifafa inayotumika pia kwa mgonjwa ambaye furaha yake hupanda kupita kiasi kisha ikaporomoka. Dawa hiyo hulifanya ini liivunje methadoni kwa kasi. Baada ya siku chache mgonjwa anakunywa dozi yake ile ile, lakini ikifika usiku mifupa inamuuma, kamasi zinamtiririka, tumbo linamkata. Anarudi dirishani kulalamika, anaambiwa anadanganya ili aongezewe. Giza likiingia, anamfuata muuza unga. Katika kisa cha namna hii daktari alitoa dawa iliyompasa mgonjwa, muuguzi alitoa dozi iliyoandikwa, na mgonjwa alisema kweli. Kilichokosekana ni karatasi moja ya kuwakutanisha. Mgonjwa akijipatia diazepamu za mtaani juu ya methadoni, mambo ni mabaya zaidi, kwa kuwa dawa hizo mbili kwa pamoja zinaweza kumkata pumzi usingizini. Kliniki za methadoni zimekwisha kuwa macho na rifampisini ya kifua kikuu, ambayo nayo huipunguza nguvu methadoni. Umakini huo huo unatakiwa kwa dawa za akili.

Upande wa soba hausi nao una wajibu wake. Nyumba hizi, Unguja na Bara, zimewarudisha vijana wengi kwenye familia zao, na nyingi zinaendeshwa kwa moyo na watu ambao wenyewe walipita katika unga wakaacha. Nawaheshimu. Lakini ipo desturi katika baadhi yake ambayo haina budi kukoma: mgeni anapoingia, mfuko wake hukaguliwa, na vidonge alivyoandikiwa na daktari wa akili hutupwa pamoja na sigara, kwa hoja kwamba aliyeacha kweli hamezi kitu chochote.

Hoja hiyo haina mashiko hata katika hatua 12 ambazo nyumba nyingi huzifuata. Hatua hizo zilitokana na chama cha Alcoholics Anonymous, cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1935. Mmoja wa waasisi wake wawili, Bill Wilson, aliacha pombe Desemba 1934 na hakuirudia mpaka alipofariki mwaka 1971. Hata hivyo, katika miaka ya 1940 alishikwa na sonona nzito iliyomwandama kwa miaka mingi, akaenda kutafuta msaada kwa madaktari wa akili. Ikiwa mwasisi mwenyewe aliacha kilevi na sonona ikambakia, nani ana ujasiri wa kumwambia kijana wetu kwamba akiacha unga mengine yatajiponya yenyewe? Chama hicho kimewaandikia wanachama wake kuwaonya wasijifanye madaktari wa wenzao.

Kosa hili hulipwa kwa uhai. Anayetoka soba hausi baada ya miezi kadhaa, huku sonona au sauti hazijatibiwa, yuko karibu sana na kurudia. Na anaporudia, mwili wake si ule wa zamani. Umeusahau unga, na kiasi alichokuwa akikihimili awali sasa kinatosha kumzimisha. Ndiyo sababu siku za mwanzo baada ya kutoka, iwe soba hausi au gerezani, ni siku za hatari kubwa ya kifo.

Wapo watakaonijibu kwamba bora litibiwe moja kwanza, la pili lifuate. Nawauliza, lipi? Anayesikia sauti zikimwamuru hawezi kukaa kwenye kikao cha kundi saa nzima akaelewa kinachosemwa. Na anayevuta kutwa mara tatu hatakumbuka vidonge vyake vya jioni. Mtumbwi wenye matundu mawili hauvuki kwa kuzibwa moja.

Wengine watasema nchi haina fedha wala mabingwa. Ni kweli kwamba madaktari wa akili ni wachache. Lakini paa la pamoja tunalo tayari. Kliniki ya methadoni ya Muhimbili waliiasisi madaktari wa akili wenyewe, akiwemo Dkt. Jessie Mbwambo. Unguja, methadoni hutolewa Kidongo Chekundu, katika hospitali ile ile ya wagonjwa wa akili. Dodoma inatolewa Itega, chini ya Hospitali ya Mirembe. Jirani zetu wa Kenya walipoanza mwaka 2014, walianzia Hospitali ya Mathari, Nairobi, ambayo ni ya maradhi ya akili. Majengo, basi, yapo. Linalobaki ni watumishi wa vyumba viwili vya hospitali moja kukaa meza moja mara moja kwa wiki na kuzungumza juu ya mgonjwa wao kwa jina lake. Huko Marekani, tangu miaka ya 1980, Robert Drake na wenzake katika jimbo la New Hampshire walianza kuwakusanya wahudumu wa akili na wa uraibu katika timu moja, kwa kuwa walichoka kuwaona wagonjwa wakirushwa huku na huku. Walijifunza kwamba nafuu huja polepole, pengine kwa miaka, na kwamba mgonjwa akiteleza asifukuzwe.

Na wapo wanaosema hili ni jini au ni pepo. Kisomo na maombi vina nafasi yake, nami sithubutu kumzuia mtu kumwomba Mungu wake. Ila shehe au mchungaji mwenye hekima atamsomea mgonjwa, kisha atauliza, vidonge umemeza leo? Dini zetu hazijamkataza mtu kwenda kwa tabibu. Zaidi ya yote tuache aibu, kwani mficha maradhi kifo humuumbua. Aibu hiyo huwaelemea zaidi mabinti zetu, ambao huja kutafuta tiba wamechelewa, au hawaji kabisa.

Kwa hiyo natoa rai. Kwanza, kila soba hausi imwandikishe mgonjwa pamoja na dawa zake, izitunze kabatini, impe kwa saa zake, na iwe na muuguzi wa akili wa kuitembelea. Pili, kila kliniki ya akili imwulize mgonjwa juu ya pombe, bangi na unga bila ukali, na kila kliniki ya methadoni imwulize juu ya usingizi, huzuni, sauti na mawazo ya kujiua. Tatu, Wizara za Afya za Bara na Zanzibar, pamoja na mamlaka za kudhibiti dawa za kulevya, zisikipe kibali kituo chochote kisichoweza kuonyesha hospitali kinayoshirikiana nayo. Nne, anayetoka kituoni asiachiwe stendi na begi lake. Apewe tarehe ya kliniki, barua ya daktari na mtu wa kumfuatilia.

Nawe mzazi unayesoma haya, unapomkabidhi mwanao kituoni, uliza mambo mawili kabla hujalipa: vidonge vyake vya akili mtampa, na daktari wa akili atamwona lini? Usiporidhika na majibu, mchukue mwanao mkatafute kwingine. Nanyi wenye vituo na hospitali, akija kesho mgonjwa wa namna hii, mpokeeni, mpigieni simu mwenzenu wa upande wa pili, na mumtibu pamoja.