Mwanamke si Zawadi ya Mshindi



Mara nyingi twawaona vijana wamekaa pamoja, vichwa vimeinama juu ya simu moja, vidole vyaenda mbio. Wacheza michezo ya video. Mzazi apita, atazama kidogo, asema: "Ni mchezo tu," kisha aenda zake. Leo twamwomba mzazi huyo akae nao kitambo, ajiulize neno moja: katika mchezo huu, mwanamke ana kazi gani?

Tuanze na zamani. Mwaka 1981 kampuni ya Nintendo, ya Japani, ilitoa mchezo uitwao Donkey Kong. Sokwe mkubwa amemwiba mwanamke. Mwanamume apanda ngazi na kuruka mapipa ili amfikie. Mwanamke yule aomba msaada na kungojea, basi. Mwaka 1985 ukaja Super Mario Bros.: safari hii binti mfalme ndiye aliyetekwa, na mwanamume yumo njiani kumwokoa.

Mwaka 1986 mchezo wa Metroid ulileta jambo jipya. Shujaa apigana amevaa mavazi ya chuma, na mwishoni mchezaji aweza kugundua kwamba shujaa huyo, Samus, ni mwanamke. Vema! Lakini kadiri mchezaji amalizavyo upesi, ndivyo Samus aonyeshwavyo na nguo chache zaidi. Hivyo hata shujaa mwenyewe amegeuzwa kuwa zawadi ya mshindi.

Mwaka 1996 Waingereza walitoa Tomb Raider. Lara Croft ana elimu na ujasiri, asafiri peke yake penye hatari. Hata hivyo mwili wake ulichorwa kupita kiasi, na matangazo ya biashara yakausifu mwili huo kuliko akili yake. Mwaka 2013 alichorwa upya, mwenye umbo la mtu wa kweli na suruali ifaayo kupanda miamba. Mwandishi mkuu wa hadithi alikuwa mwanamke, Rhianna Pratchett. Mamilioni ya watu waliununua mchezo huo. Basi heshima haikuua biashara.

Na Zelda je? Tangu 1986 mchezo wachukua jina lake, lakini aliyepigana alikuwa kijana Link. Mwaka 2024 Nintendo ilitoa mchezo ambao Zelda mwenyewe aenda kuuokoa ufalme. Kati ya michezo hiyo miwili ilipita miaka 38!

Kwa nini twasumbuka na mambo haya? Kwa sababu mchezaji hatazami tu; atenda kwa mikono yake, arudia mara mia. Neno lirudiwalo hugeuka desturi. Kijana aweza kuzoea kumwona mwanamke kama kitu cha kupatwa. Na dada yake, aliyeketi kando, ajifunza nini? Kwamba fungu lake ni kungojea.

Hatusemi: vunjeni simu. Twasema: wazazi, kaeni na watoto, mkawaulize. Mwanamke huyu ana jina? Aamua jambo lolote? Nguo zake zafaa kwa kazi aifanyayo? Kisha mpeni na binti simu, acheze naye. Nanyi vijana, msingoje kuulizwa, jiulizeni wenyewe. Dada yenu ana akili na hiari yake, wala hakuumbwa awe tuzo ya mtu.

Wahenga walisema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Siku hizi mchezo nao walea. Tusiuachie kazi hiyo peke yake.