Pambizo Zisitukatie Mishororo

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu wa zamani aliniletea kijitabu cha mashairi yake, kilichochapwa dukani hapa Chake Chake. Nilikifungua kwa furaha, nikakifunga kwa huzuni. Tarbia zake, za mizani 16, nane kwa nane, zilikuwa na mistari sita, saba, hata minane kwa ubeti. Neno la mwisho la utao, lenye kina chenyewe, lilikuwa limeanguka chini peke yake.

"Si mimi, Mwalimu, ni kompyuta iliyokata," akajitetea.

Sikubali. Kompyuta haijui kina. Inajua sentimita tu. Karatasi ya A5 ina upana wa sentimita 14.8. Word isipoelekezwa huacha pambizo ya sentimita 2.54 kila upande, zikabaki sentimita 9.72. Kwa herufi za ukubwa wa 14, mshororo mrefu wa mizani 16 hauenei humo. Waliokata ni sisi, tulioiachia mashine ituamulie.

Wapo watakaosema hayo ni ya wapiga chapa, mshairi atunge tu. Nawapinga. Shairi linapoghaniwa, pumzi ndiyo inayotenga ukwapi na utao. Karatasini hamna pumzi. Mna nafasi tu. Mtoto wa sekondari akihesabu mistari saba ataambiwa hiyo si tarbia, naye ataamini jicho lake. Kisiwa kilichotupa Kamange na Sarahani, ambao tungo zao zimo katika Kale ya Washairi wa Pemba (2011), hakistahiki kurithisha beti zilizovunjika.

Dawa yake haizidi dakika tano. Fungua mpangilio wa ukurasa, chagua kurasa zinazotazamana, kisha weka pambizo ya ndani sentimita 2, ili mshono usimeze herufi, na ya nje 1.3. Utapata sentimita 11.5. Zisipotosha, punguza herufi hadi 12. Ikibidi kukata, kata penye kina cha kati: utao wote ushuke pamoja, usogezwe ndani kidogo, na diwani nzima ifuate utaratibu huo.

Sisemi pambizo zifutwe. Kidole gumba nacho kinahitaji pa kushika. Nasema zipimwe kwa mshororo ulio mrefu kuliko yote, kabla ya kuchapa nakala ya kwanza. Mshairi anayehesabu mizani kwa vidole hashindwi kuhesabu sentimita.