Kasa wa Nairobi, mbwa wa Kilifi: Ni nani mlinzi wa ufuo?

KATIBA ya mwaka 2010 iliigawa kazi ya kulinda ufuo wa Kilifi kwa namna ya ajabu. Jedwali la Nne liliikabidhi Serikali Kuu ulinzi wa wanyamapori, nazo kaunti zikapewa jukumu la kutoa leseni za mbwa. Kwa hivyo kasa anayetaga Watamu ni wa Nairobi, ilhali mbwa anayefukua kiota chake ni wa Kilifi.

Mgawanyo huo ungechekesha lau madhara yake yasingekuwa mazito. Kasa jike hupanda ufuoni usiku, akataga mayai mia moja au zaidi, akayafukia mchangani na kurejea baharini. Mayai hayo hukaa takriban miezi miwili kabla ya kuanguliwa. Mbwa mmoja anaweza kuyamaliza usiku mmoja. Na kwa kuwa kasa huchukua miongo kadhaa kukomaa, hasara ya leo itaonekana wakati walioisababisha wameshaisahau.

Ndege nao hawajasalimika. Hori ya Mida na mlango wa mto Sabaki hupokea kila mwaka ndege wahamaji, wengine kutoka Siberia. Maji yakijaa, hubakiwa na vipande vidogo tu vya kupumzikia. Mbwa akiwakimbiza, hata kwa mchezo, huwamalizia nguvu wanazoziweka kwa safari ya kurudi. Mwenye mbwa huona ndege wameruka na kutua, kilichopotea hakioni.

Lawama hutupwa huku na huku. Wenye majumba ya kifahari huwanyoshea kidole mbwa wanaozurura kutoka vijijini. Wanavijiji nao huuliza mbona mbwa wa tajiri hutembezwa alfajiri bila kamba. Pande zote mbili zina hoja, na kanuni itakayowabana wanyonge pekee haitadumu.

Kuwaua mbwa, kama wengine wanavyopendekeza, si dawa. Mabaki ya chakula yakiendelea kutupwa ovyo, wengine watakuja. Njia bora imo tayari katika vita dhidi ya kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani hupendekeza asilimia 70 ya mbwa wachanjwe ili kuukomesha ugonjwa huo. Kaunti ikisajili kila mbwa anayechanjwa, itamjua pia mwenyewe.

Hatua itakayofuata ni ya ushirikiano. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), linalosimamia Hifadhi ya Bahari ya Watamu iliyotengwa mwaka 1968, lionyeshe palipo na viota na mapumziko ya ndege. Kaunti nayo itunge sheria ndogo: mbwa wafungwe kamba sehemu hizo, na wasifike kabisa kuanzia magharibi hadi alfajiri.

Hakuna haja ya kupiga mbwa marufuku ufuo mzima. Kinachohitajika ni kila serikali kuacha kuisubiri nyingine. Mtegemea cha nduguye, wahenga walinena, hufa maskini.