Mkopo wa Nyumba Usioijua Kalenda ya Viazi

Nasema wazi tangu mwanzo: mikopo ya nyumba inayoungwa mkono na serikali ya Kenya ilitungwa kwa ajili ya mtu mwenye hati ya mshahara, kisha ikatangazwa kuwa ni ya wananchi wote. Mkulima wa Nyandarua ameachwa mlangoni, na anaambiwa kosa ni lake kwa kuwa hakopesheki.

Tazama tulivyofika hapa. Mnamo Novemba 2023 Mahakama Kuu ilibatilisha tozo ya nyumba, na mojawapo ya sababu zake ni kwamba kuwakata walioajiriwa peke yao na kuwaacha wengine ni ubaguzi. Serikali ikajibu kwa Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu ya 2024. Tangu hapo ile asilimia 1.5 haidaiwi kwenye mshahara tu, bali pia kwenye mapato ya asiyeajiriwa. Mfugaji wa Ol Kalou na mlima viazi wa Kinangop wakaingizwa katika orodha ya walipaji. Usawa, basi, ulifika upesi sana kwenye kutoa. Kwenye kupokea haujafika.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kampuni ya KMRC, ambayo serikali ni mwanahisa wake na ambayo Benki ya Dunia iliiidhinishia dola milioni 250 mwaka 2019, imefanya jambo la maana: huzipa benki na Sacco fedha nafuu ili nazo zimkopeshe mnunuzi kwa riba isiyofika asilimia 10. Hata hivyo, kufikia mwisho wa 2023 mikopo ya nyumba katika benki zetu zote ilikuwa takribani 30,000 tu, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 50. Mlango ni mwembamba hata kwa mwalimu na karani wa mjini. Kwa mkulima ni ukuta.

Ukuta huo una matofali matatu. La kwanza ni kalenda. Mkopo hudai rejesho kila mwezi, ilhali viazi hulipa kwa msimu. Na hata msimu ukifika, dalali huja na gunia la lumbesa ingawa kanuni za 2019 zimeweka kikomo cha kilo 50. La pili ni hatimiliki. Mashamba mengi yangali na jina la babu aliyefariki, na mirathi haijafunguliwa. Hapo mjukuu hana cha kuweka rehani hata akiwa na mavuno ya kutosha. La tatu ni rehani yenyewe. Mkopeshaji hashiki nyumba peke yake. Hushika shamba zima, yaani nyumba pamoja na sahani ya chakula. Ni nani mwenye akili atakayeweka ekari mbili zinazowalisha watoto wake ili apate vyumba vitatu vya mawe?

Wataniambia: mkulima ni hatari, mvua ikikosekana deni halilipwi. Nyandarua inalijua somo hili kuliko benki yoyote. Kaunti hii ilijengwa kwa mkopo wa serikali. Chini ya mpango wa ekari milioni moja ulioanza 1962, maelfu ya familia zilipewa mashamba yaliyokuwa ya walowezi, zikatakiwa kuyalipia kwa miaka mingi huku hati zikibaki kwa Wadhamini wa Mfuko wa Makazi. Ni kweli, wengi walichelewa kulipa. Lakini ardhi hiyo ndiyo inayoipelekea Nairobi viazi, kabichi na maziwa hadi leo. Historia hiyo hainifundishi kwamba mkulima hakopesheki. Inanifundisha kwamba deni lisilofuata mapato humwelemea hata mchapakazi.

Tena hoja ya hatari inasahau maziwa. Mwanachama wa chama cha ushirika cha maziwa hulipwa kila mwezi, na chama humkata madeni yake kabla fedha hazijamfikia mkononi. Hiyo ni hati ya mshahara kwa jina lingine. Anayekataa kuisoma anafanya uvivu na kuuita uangalifu.

Ninayoyadai hayahitaji miujiza. Rejesho lipangwe kwa misimu kwa mlima viazi, na kwa mwezi kwa mwenye maziwa. Fedha nafuu za KMRC zipitie zaidi kwenye Sacco za wakulima, zinazomjua mkopaji kwa mavuno yake. Kipande cha kiwanja kikatwe na kupewa hati yake, ili mkopo ukishindikana shamba libaki. Na serikali ya kaunti igharimie mirathi na upimaji, kwa kuwa bila hayo riba nafuu ni maneno matupu.

Kwenu watumishi wa umma: sheria hiyo ya 2024 inaitambua nyumba nafuu ya kijijini. Kutambua si kukopesha. Kwenu wanafunzi na wanaharakati: acheni kuhesabu ghorofa zilizozinduliwa, ulizeni ni wakulima wangapi waliokopeshwa, katika kaunti ipi, na kwa masharti gani. Serikali iliyojua njia ya kumfikia mkulima ilipotaka asilimia 1.5 yake haiwezi kudai kwamba imepotea njia wakati wa kumkopesha.